Kanda ya Mikia

Ukurasa wa sitini na saba ndio uliomharibia Nukta siku. Mpaka hapo kazi ilikuwa inakwenda vizuri: kalamu nyekundu mkononi, miwani puani, chai imepoa pembeni kama kawaida yake. Alikuwa anasahihisha kitabu kinene cha nyimbo za zamani ambacho kiwanda kilitakiwa kukichapa Ijumaa. Kazini wote walimwita Nukta kwa sababu hakuna sentensi iliyowahi kumponyoka bila nukta yake. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa katika chumba kile chenye harufu ya wino, na hakuna karatasi iliyoingia mashineni bila sahihi yake kwenye kona ya chini kulia.

Ukurasa huo ulikuwa na wimbo ambao hakuna asiyeujua, ule ambao hata mwenye sauti ya kukwaruza huuparamia kikifika kiitikio:

*Nilofua kwa mikono, mwingine asijivune.*

Juu yake paliandikwa: *Wimbo wa asili. Mtunzi hajulikani.*

Nukta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa palepale. Akafunua mbele. Ukurasa wa sabini, hajulikani. Wa sabini na nne, hajulikani. Alipofika mwisho wa sura alikuwa amehesabu nyimbo kumi na moja, zote alizijua tangu akiwa anabebwa mgongoni, na zote mtunzi wake alikuwa nyumbani saa ileile, ameketi kitini karibu na dirisha, anasubiri aletewe dawa ya magoti.

Hajulikani na nani? Masikio ya Nukta yaliwaka moto. Jina la mpiga ngoma lilikuwepo. Jina la mpiga filimbi aliyepiga wimbo mmoja tu maishani mwake lilikuwepo. Hata jina la aliyekopesha spika lilikuwepo kwenye shukrani. Aliyetunga maneno, basi, ndiye aliyekuwa hewa tupu.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na miwili. Wenzake walimwita Bi Povu, na jina hilo la kwenye masinki akalifanya jina lake la utunzi. Alitunga kichwani huku mikono imo majini, na saa ya mapumziko ikifika aliandika kwa penseli nyuma ya vile vikaratasi vilivyofungwa kwenye marobota ya mashuka machafu. Kila Jumamosi Mpiga Kinanda, kiongozi wa bendi iliyokuwa ikifanya mazoezi katika ukumbi wa nyuma ya hospitali, alipita dirishani kuvichukua. Yeye alitia sauti, bendi ikaenda kurekodi redioni, watu wakaimba. Sasa Mpiga Kinanda alikwishafariki. Nukta alimpigia simu mjane wake siku ileile, akaambiwa vikaratasi vyote vilichomwa na takataka nyingine walipohama nyumba. Mjane alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Jioni alimsomea mama yake zile kurasa kwa hasira. Bi Povu alisikiliza, akanyoosha goti, akasema waachwe tu, yeye hakutunga ili aandikwe. Nukta aliijua sauti hiyo. Ndiyo sauti aliyoitumia zamani kusema kwamba ameshakula, chungu kilipokuwa hakitoshi.

Kisha Bi Povu akauliza, macho yake yako nje dirishani, kana kwamba swali lenyewe ni la mtu mwingine:

"Huo wa kufua wameuwekea beti ngapi?"

"Nne."

"Ni tano. Na ule wa mlango?"

"Sita."

"Ni saba."

Walikwenda hivyo mpaka wa kumi na moja. Kila wimbo ulipungua ubeti mmoja, na kila mara uliopungua ulikuwa wa mwisho. Na watunzi wana desturi yao, wala si siri: ubeti wa mwisho ndio wa kuagia, na humo mtunzi hutaja jina lake ili kesho na keshokutwa pasiwe na ugomvi. Bi Povu aliufumba mkono wake wenye ngozi iliyokunjamana, akausema ule wa kufua taratibu, bila kujikwaa:

*Tamati nimetamati, kalamu naweka chini,*
*Jina langu silifuti, limo humuhumu ndani,*
*Ndimi Povu, sitafuti sifa za watu mjini,*
*Nilofua kwa mikono, mwingine asijivune.*

"Studio nilikwenda mara moja tu," aliongeza, "siku ya kurekodi huo wa kufua, kwa ruhusa ya nusu siku. Nikagombana nao. Sikualikwa tena."

Nukta hakulala na jambo hilo vizuri. Ubeti mmoja ukikosekana ni bahati mbaya. Kumi na moja ni mkono wa mtu.

Kesho yake asubuhi alimwendea aliyekusanya kitabu. Huyu aliitwa Daktari, ingawa hakuwahi kumpa mtu hata kidonge. Udaktari wake ulikuwa wa muziki, na vyeti vyake vilitundikwa ukutani kwa mstari ulionyooka kuliko sentensi zake. Alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Akaeleza kwamba alisikiliza kanda zote za redio kwa masikio yake mwenyewe na kuandika alichokisikia, na jina la Povu hakulisikia popote. Nukta alipomsomea ubeti wa tano, Daktari alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomkata maini.

"Dada yangu, aliyekua na redio nyumbani anaweza kuzikariri hizi zote. Na ubeti wa mwisho mtu anaweza kuutunga juzi. Sisemi ni mama. Nasema mtu."

Halafu akamweleza, kwa upole wa kumbembeleza mgonjwa, kwamba neno hajulikani halimvunjii mtu heshima. Maana yake ni kwamba wimbo umezaliwa na umma mzima.

"Umma mzima una mikono mingapi iliyochubuka kwa sabuni?" Nukta alimuuliza. "Mimi nilipakwa mafuta na miwili tu."

Daktari alisema hayo ni maneno ya uchungu na yeye anayaheshimu, lakini kitabu chake kinahitaji ushahidi. Alete sauti. Kama kuna kanda yenye ubeti huo, yeye mwenyewe ataandika jina kwa mkono wake. Nukta aliposema kwamba bila hivyo sahihi yake haitaonekana kwenye kurasa zile, Daktari alinyanyua simu mbele yake akampigia meneja wa kiwanda. Nukta aliporudi kazini alimkuta meneja amesimama mlangoni. Ijumaa saa nne asubuhi, akamwambia, kurasa ziwe zimetiwa sahihi, na kama mkono wake ni mzito, kuna mikono mingine. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano aliomba ruhusa akaenda redioni. Mtunza kanda alikuwa mama mnene mwenye koti la baridi, kwa kuwa chumba cha kanda kilikuwa kama jokofu, na alifurahi kupata mgeni. Akatoa boksi la wimbo wa kufua. Juu yake paliandikwa jina la wimbo, jina la bendi na *dakika tatu*. Akatoa la pili, dakika tatu. La tatu, la nne, hivyohivyo. Nukta akauliza inakuwaje bendi ya watu kumi wapige miaka yote hiyo bila kuzidisha hata nukta. Mtunza kanda akacheka, akauvuta mwisho wa kanda mpaka kwenye taa. Palikuwa na mkato wa mshazari, safi, umeungwa kwa kipande cheupe cha gundi.

Wakati ule ilikuwa kanuni, akaeleza. Wimbo haukuruhusiwa kupita dakika tatu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na salamu za wasikilizaji. Uliozidi ulikatwa mwishoni. Na mkato ule yeye aliutambua hata bila kuulizwa.

"Huo ni mkono wa Wembe. Yuko hai. Anakaa kwa binti yake, nyuma ya shule."

Nukta alitembea kwa miguu mpaka huko, na njiani aliyapanga maneno atakayompa. Yalikuwa mengi na hayakuwa na nukta hata moja.

Wembe alikuwa mzee mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kucha zimekatwa vizuri. Nukta alimwamkia shikamoo kwa sababu alilelewa, si kwa sababu alitaka. Mzee akamkaribisha, na aliposikia mgeni amekuja kuulizia kazi zake za redioni, uso ukamchangamka. Akasema katika miaka ishirini na miwili alikata kanda elfu kadhaa kwa wembe wa kunyolea, na hakuna msikilizaji aliyewahi kusikia alipokata.

"Mimi nimesikia," alisema Nukta.

Akamwambia yote: nyimbo kumi na moja, beti kumi na moja, mama aliyetoweka kitabuni. Mzee alijitetea. Dakika tatu zilikuwa amri, wala hakuzitunga yeye. Nukta akamuuliza kwa nini basi hakukata vinanda vya mwanzoni, vilivyokuwa vinajizungusha nusu dakika bila kusema kitu. Wembe akajibu kwamba mwanzo ndio unaomnasa msikilizaji, na mwisho ni maneno ya kuaga tu.

"Ndiyo yenye jina, mzee wangu."

Jina, akasema Wembe, lilisomwa na mtangazaji kwenye fomu. Na fomu ilijazwa na aliyeuleta wimbo, yaani Mpiga Kinanda, ambaye penye *mtunzi* aliandika jina la bendi yake ili asisumbuliwe na maswali. Kisha redio ikahamia jengo jipya, na fomu zikabaki lile la zamani, dari likavuja.

Nukta alimtazama yule mzee na vifungo vyake. Angekuwa rika lake angempa za uso. Watu walisalimiana redioni, wewe fulani uliyeko kule, na mimi niliye huku, na ujumbe wangu ni kula ugali tulale. Na ili wapate nafasi ya hayo, mama yake akafutwa kwa wembe wa ndevu mara kumi na moja. Na aliyemfuta hata hakuwa na chuki naye. Angalau chuki ingekuwa kitu. Alimuuliza, kwa sauti ndogo maana kubwa ilikuwa imemwishia, vile vipande alivitupa jalala gani.

Hapo ikawa zamu ya Wembe kuudhika.

"Kutupa? Mwanangu, kanda zilikuwa zinakuja kwa mgawo. Mimi sijatupa hata kipande cha urefu wa kidole."

Akainuka, akaenda pembeni, akaondoa kitambaa cha meza. Chini yake palikuwa na mashine nzito ya kanda, imepakwa mafuta, inang'aa, na juu yake gurudumu lililojaa mpaka ukingoni. Kila alichokata alikiunga nyuma ya kilichotangulia. Waliiita kanda ya mikia. Ilikuwa ya kujaribia mitambo: kila alfajiri, kabla redio haijafunguliwa, Wembe aliiweka mashineni ndani ya chumba kilichofungwa na kusikiliza kama mashine inavuma au inakwaruza. Alipostaafu hakuna aliyeitaka, akaja nayo nyumbani.

Akaiwasha. Sauti ya mwanamume ikaibuka katikati ya mstari, ikaaga, ikasema yeye ndiye Fundi Kofia, ikakatika. Ikaja nyingine na kumtaja Mama Mapacha. Ikaja ya tatu. Nukta alikaa kitini taratibu. Wote walikuwemo humo. Miaka ishirini na miwili watunzi walikuwa wanataja majina yao kila alfajiri, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mtu mmoja aliyekuwa anasikiliza mngurumo wa mashine.

Kisha vinanda alivyovijua tangu utotoni, na sauti:

*Hapa ndipo naishia, sina zaidi moyoni,*
*Povu ninawapungia, mkono umo majini.*

Nukta alilia pale pale, bila kujificha, na alizidi kukasirika kwa sababu analia mbele ya Wembe. Mzee alizima mashine. Alisema ameusikia mkia ule labda mara elfu nne na hakuwahi kujua kwamba ni wa mtu. Nukta akamwambia afunge mashine vizuri, kesho atakuja na gari.

Alipopigiwa simu, Daktari alitaka wakutane ofisini kwake. Bi Povu alipoambiwa, alisema yeye hajawahi kumpelekea shuka mgonjwa anayeweza kutembea. Kwa hiyo Alhamisi alasiri Daktari alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Wembe aliweka mashine mezani na hakuthubutu kumtazama mwenye nyumba usoni. Bi Povu alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, mikono juu ya magoti, na hakumuuliza mtu kitu.

Mikia ilianza kupita. Povu akajitaja mara moja, mara mbili, mara ya sita. Kulikuwa na mikia yake minne ya nyimbo ambazo hata Nukta hakuzijua, nyimbo ambazo kanda zake zenyewe zilikwishafutwa ili zirekodiwe juu yake hotuba za mtu fulani. Kila mmoja ulipopita, Bi Povu alitikisa kichwa kidogo, kama anayeitikia salamu za jirani aliyehama zamani. Daktari aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akasafisha koo.

"Povu yumo, sikatai. Lakini Povu ni nani? Bendi zilikuwa na majina mengi ya utani. Kwa usalama wa kitaaluma tunaweza kuandika, *inasemekana ni utunzi wa Povu.*"

Nukta alifungua mdomo, na yale maneno yote ya Jumatano yakajaa mlangoni mwa meno. Wembe alimwinulia kidole asubiri, kwa sababu mkia uliofuata ulikuwa umeanza.

Ulikuwa wa kufua. *Tamati nimetamati*, mwimbaji akaukimbiza ubeti mbiombio, jina likapita katikati ya vinanda kama mtu anayeruka dimbwi. Muziki ukasimama. Kiti kikakwaruza sakafu. Mwanamume akasema, haya, Bi Povu, umeridhika? Na sauti ya mwanamke kijana ikajibu, kali, haina hofu na mtu:

"Sijaridhika. Rudieni. Mmeukimbiza ubeti wangu kana kwamba mna basi la kuwahi, na humo ndimo lilimo jina langu."

Watu wakacheka ndani ya kanda. Chumbani hakuna aliyecheka.

"Na waliukimbiza kweli," alisema Bi Povu kutoka kwenye kiti chake. Sauti ilikuwa ileile. Imezeeka tu, ukali wake haujapungua hata chembe. Daktari alimtazama bibi, akaitazama mashine, akalirudia tena lile daftari lake na kuikata *inasemekana* kwa mistari miwili.

Ndani ya kanda mtu alihesabu moja mpaka nne, na bendi ikaurudia ubeti, safari hii taratibu. Kila neno lilipewa nafasi yake. *Ndimi Povu*, mwimbaji akasema, akapumua, ndipo akaendelea. Halafu mkato, na mtunzi mwingine akaanza kuaga.

Bi Povu alimgeukia Wembe kwa mara ya kwanza.

"Huo wa pili ulitoka vizuri. Niliusubiri redioni mwezi mzima, mwanangu huyu tumboni. Kila Jumapili nikakaa karibu na spika. Nikadhani waliutupa kwa sababu niliwagombeza. Nikajilaumu mdomo wangu miaka yote hii."

Wembe alikunja na kukunjua vidole vyake vyenye kucha safi.

"Haukutupwa, mama. Nilizikata beti zote mbili pamoja. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha."

Bi Povu aliviangalia vidole hivyo.

"Rudisha nyuma," bibi akasema. "Nataka kuusikia huo wa pili mpaka mwisho. Na hiyo mikono iweke juu ya meza, niione."

Wembe akarudisha, kisha akaiweka mikono yake juu ya meza, yote miwili, viganja chini. Nukta alitoa kurasa kwenye mkoba, akazitandaza sakafuni, akapiga magoti na kalamu nyekundu. Alianza na wa sitini na saba. Alipomaliza kumi na moja za mama yake alimuuliza Daktari zimebaki ngapi kitabuni zenye mtunzi asiyejulikana, na Daktari akajibu, bila kutabasamu, kwamba ni thelathini na nane. Meneja na saa nne yake ya kesho ilibidi wasubiri. Daktari aliteremka kwenye kochi, akamshikia karatasi zisipeperuke, na Wembe akaiacha kanda iendelee mpaka kwenye mkia mwingine wa Fundi Kofia.